Jani liko wapi?



Mara ya mwisho kusimama mbele ya bango ukalisoma hadi mwisho ilikuwa lini? Hapa Moshi, kuanzia stendi hadi Mnara wa Saa, kuta na nguzo zimejaa mabango ya mikutano ya injili, shule, waganga na simu. Tunapita tu.

Mwaka fulani, wakati wa Majilio, nilitaka bango la kuwaalika waamini kwenye sakramenti ya Upatanisho. Unaijua Noeli ya kwetu. Watoto wa Kilimanjaro wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Migombani kunajaa watu, nyama na mbege. Na hapo ndipo kesi za mipaka ya vihamba hufufuka, ndugu wa tumbo moja wakapishana njiani bila salamu.

Mama mmoja wa jumuiya, mwalimu mstaafu, alinipa ubeti alioutunga mwenyewe:

Jani dogo mkononi,
Nimekuja mlangoni,
Sina neno mdomoni,
Ndugu yangu, nipokee.

Jani hilo ni sale. Wachaga hulipanda kwenye mpaka wa kihamba. Lakini pia mkosaji anayetafuta amani humpelekea sale yule aliyemkosea, na kwa desturi kulikataa ni jambo zito. Mmea ule ule unaotenganisha mashamba ndio unaorudisha undugu.

Niliwapa vijana kazi ya kulibuni bango. Nikawaagiza waweke mlima na theluji yake, nembo ya parokia, ratiba ya maungamo, namba ya kuchangia ukarabati, majina ya wafadhili, na picha yangu nikiwa nimevaa stola. Walitii. Ubeti ukabanwa kwenye kona ya chini, kwa herufi kama za risiti.

Yule mama alivaa miwani, akatazama kwa muda. "Padre," akasema kwa upole, "uso wako nauona vizuri. Jani liko wapi?"

Niliona aibu. Jioni ile nilisoma Habakuki 2:2, ambapo Mungu anamwagiza nabii ayaandike maono waziwazi kwenye vibao, yasomeke hata kwa mtu anayekimbia. Bango langu hata aliyeketi asingelisoma.

Tukaanza kufuta, na picha yangu ikatangulia. Ikabaki picha ya mkono wa mzee umeshika jani la kijani, mistari minne kwa herufi kubwa, na chini siku za maungamo. Mchapaji alishangaa kwamba tunalipia nafasi tupu.

Ndugu msomaji, hata kuomba msamaha tunakufanya hivyo hivyo. Tunamwendea ndugu yetu na bango lililojaa: nani alianza, nani mkubwa, nani alichangia zaidi msibani. Neno "nisamehe" linabanwa kwenye kona. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu hatudai maelezo. Anatuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza.

Bango lilipobandikwa kwenye mlango wa kanisa, lilinishika mimi kwanza. Kaka yangu na mimi tulikuwa hatujasalimiana kwa miaka miwili kwa sababu ya hatua chache za mpaka. Na kila Dominika nilikuwa nasimama altareni. Jumatatu nikapanda kwenda nyumbani na jani la sale. Njiani niliandaa hotuba ndefu, yenye hoja tatu kama nilivyofundishwa seminari. Nilipofika mlangoni sikuitoa. Nilinyoosha mkono tu. Kaka akalitazama jani, akalipokea, akavuta kigoda.

Suala la mpaka halikuisha siku ile. Lakini tulilizungumza tukiwa tumeketi pamoja.

Wiki hii, kabla hujaipeleka sadaka yako, jiulize ni nani anayekungoja mlangoni pake. Ukishamkumbuka, punguza maneno. Nenda na jani.

Nakutakia Dominika njema.