Kiwanja cha ndege si piloti peke yake: somo ambalo wahitimu wa Fizi hatulifikirii



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, swali ni lile lile hapa Baraka: "Sasa utaenda kusomea nini?" Majibu pia ni yale yale: udaktari, sheria, ualimu, maendeleo ya vijiji. Mtu akitaja ndege, wote wanafikiri piloti, halafu wanacheka, maana nani kwetu ana pesa za kulipia masaa ya kuruka angani? Leo nataka kueleza kazi ingine: kazi ya kuendesha na kusimamia kiwanja cha ndege. Ni somo kamili, lina vyuo vyake na vyeti vyake. Na kwetu Kongo lina uzito wa pekee. Nitaonyesha kwa nini.

Tuanze na masoko mawili

Tarehe 8 Januari 1996, kule Kinshasa, ndege aina ya Antonov 32 ilishindwa kupaa kwenye kiwanja cha Ndolo. Ilikuwa imebeba kupita kiasi. Ilivuka mwisho wa pisti, ikaingia katikati ya soko la Simbazikita. Wakafa watu zaidi ya 200, karibu wote watu wa sokoni, wauzaji na wanunuzi, ambao siku ile hawakuwa na safari yoyote.

Tarehe 15 Aprili 2008, Goma: ndege ya DC-9 ya kampuni Hewa Bora nayo ilishindwa kupaa, ikavuka mwisho wa pisti, ikaingia mtaa wa Birere, mahali pa maduka na nyumba za watu. Pisti ya Goma ilikuwa fupi kuliko zamani, kwa sababu lava ya volkeno Nyiragongo ilikuwa imefunika sehemu yake Januari 2002.

Sasa jiulize. Nani anapima mizigo mbele ya ndege kuondoka? Nani anatangaza kwamba pisti imefupika, kwa hiyo kila ndege ipunguze uzito? Nani anaruhusu soko kukaa pale pisti inapoishia? Maswali hayo hayamhusu piloti peke yake. Mengi ni maswali ya usimamizi wa kiwanja. Shirika la kimataifa la usafiri wa ndege za raia, OACI, lina kanuni zake katika Kiambatisho cha 14. Kwa viwanja vikubwa inasema hivi: baada ya mwisho wa pisti kuwe na ukanda wa mita 60, halafu eneo la usalama la angalau mita 90 zingine, na inapendekeza zifike 240. Mita hizo zinaonekana kama shamba tupu lisilo na mwenyewe. Kumbe ndizo zinazookoa watu.

Kazi zenyewe ni zipi?

Wengi wanafikiri kwamba kwenye kiwanja kuna piloti, askari na mama anayeuza maji. Lakini angalia:

1. Mkaguzi wa pisti. Anapita kila siku kuangalia mashimo, taa, ndege wa porini, jiwe ao kipande cha chuma. Kipande kidogo kikiingia kwenye injini kinaweza kuiharibu.

2. Watu wa maegesho. Wanaongoza ndege kusimama, wanapanga ngazi, mafuta na magari ya mizigo, kila kitu kwa dakika yake.

3. Mpangaji wa uzito. Anahesabu abiria, mizigo na mafuta, na mahali kila kitu kinakaa ndani ya ndege. Hapa ndipo hesabu ya shule inakuwa uhai wa watu.

4. Zimamoto. Kanuni inataka wafike mahali popote pa pisti kwa muda usiozidi dakika tatu. Inahitaji mazoezi, maji, gari zima, na mtu wa kuhakikisha kwamba vyote viko tayari kila siku.

5. Usalama wa abiria na mizigo. Kukagua, kufunga milango, kujua nani anaingia wapi.

6. Biashara na fedha. Kiwanja kinaishi kwa malipo ya kutua na kuegesha, kodi za maduka, na michango ya abiria. Tangu 2009 abiria wa RDC analipa Go Pass kwa ajili ya kujenga na kutengeneza viwanja. Kupanga matumizi ya pesa za namna hiyo, na kutoa hesabu yake wazi, ni kazi ya msimamizi.

Kontroleri wa ndege, yule wa kwenye mnara, ana njia yake ya pekee, na sherti apate leseni. Usichanganye. Diploma ya usimamizi haikupi ruhusa ya kuongoza ndege angani.

Kwetu, viwanja vikubwa na huduma za anga viko mikononi mwa RVA, Régie des Voies Aériennes, kampuni ya serikali. Anayetunga kanuni na kukagua ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC. Mmoja anaendesha, mwingine anachunga. Ukielewa tofauti hiyo, umeshaanza somo.

Kusoma wapi?

Ndani ya nchi, ISTA ya Kinshasa ina masomo ya usafiri wa anga. Kwa sisi watu wa ziwa, mashariki pia ni njia. Dar es Salaam kuna Chuo cha Mafunzo ya Usafiri wa Anga, CATC, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT. Nairobi kuna East African School of Aviation. Uganda kuna chuo cha Soroti. Kutoka Baraka unavuka ziwa mpaka Kigoma, halafu unateremka mpaka Dar. Safari ni ndefu, ndiyo, lakini Kinshasa nayo haiko jirani.

Shida kubwa ni lugha. Sokoni Dar utaelewana na kila mtu, lakini darasani wanafundisha kwa Kiingereza. Sisi tulisoma kwa Kifaransa. Usikate tamaa: OACI inachapisha kanuni zake kwa Kifaransa pia, unaweza kuanza kuelewa mambo kwa lugha uliyosomea, huku ukijifunza Kiingereza taratibu. Mtu mwenye Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza katika eneo hili letu ana silaha tatu.

Na kama umeshamaliza masomo mengine? Haujachelewa. Kiwanja kinahitaji mtu wa umeme, wa informatike, wa hesabu za fedha, wa ujenzi, wa mazingira. Diploma uliyo nayo inaweza kuwa msingi, halafu unaongeza kozi fupi. IATA, shirika la makampuni ya ndege, lina kozi za mbali, ila zinalipiwa kwa dola.

Tuambizane ukweli

Ajira si nyingi. RVA haiwezi kuchukua kila mhitimu. Kwa hiyo usisome ukiwa na ofisi moja tu kichwani. Wanaohudumia ndege na mizigo, makampuni ya ndege, ndege za misaada za Umoja wa Mataifa, duane, hata bandari za ziwa letu, wote wanahitaji mtu anayejua kupanga mzigo, muda na usalama. Boti ikipakiwa kupita kiasi inazama kwa sababu ile ile iliyoizuia Antonov kupaa.

Tena ujihadhari na shule za miezi mitatu zinazokuahidi kazi ya ndege. Mbele ya kulipa hata franga moja, uliza mambo matatu: chuo kinatambuliwa na nani? Cheti chake kinakupa haki ya kufanya kazi gani? Staji itafanyika kwenye kiwanja gani? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni.

Kwa nini inatuhusu sisi

Januari 2025, vita ilipoingia Goma, kiwanja kikafungwa. Mwezi uliofuata ikafika zamu ya Kavumu, kiwanja cha Bukavu. Hapo kila mtu aliona maana ya kiwanja: dawa zinachelewa, wagonjwa wanakwama, bei zinapanda. Na kukifungua tena si kutoa amri tu. Sherti pisti ikaguliwe, mabomu yaliyobaki yatolewe, taa na redio vifanye kazi, zimamoto wawepo, na watu wanaojua kazi warudi mahali pao.

Sisi hapa Baraka, kama tunataka kupanda ndege kubwa, tunafikiria kwanza barabara ya Uvira mpaka Bujumbura, ao ziwa mpaka Kalemie ao Kigoma. Mji wetu unakua, viwanja vya nyumba vinauzwa kila wiki. Siku ikifika ya kupima pisti ya kweli katika Fizi, vita ya kwanza itakuwa ya udongo: nani anahama, nani analipwa, wapi hapajengwi. Watakuja maingenieri kutoka mbali na karatasi zao. Hawatajua mashamba ni ya nani, wala soko linakaa upande gani siku ya Jumamosi.

Ningependa siku ile tuwe na mtoto wa hapa mezani, aliyesoma kazi hii, anayeweza kumweleza mama wa sokoni kwa Kibembe na kwa Kiswahili kwa nini zile mita 240 haziuzwi hata zikiwa tupu, na kumweleza ingenieri kwa nini mama yule lazima alipwe mbele ya kuhamishwa.