Shanga Nyekundu za Unyamwezi

Mapema mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Zanzibar akijiandaa kwenda bara kumtafuta mmisionari David Livingstone, na kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa shanga. Nyekundu zilipokelewa kwa furaha Unyamwezi. Nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, ukivuka mpaka haziwezi kukununulia hata kuku. Nyeupe zilipendwa Ufipa, na sungomaji, zile kubwa kama yai, zilikuwa na wenyewe huko Ujiji. Ukikosea kuchagua, wapagazi watatembea miezi kutoka Bagamoyo hadi Tabora wakiwa wamebeba takataka.

Kioo chenyewe kilikuwa kilekile, kingi chake kimeyeyushwa Venice. Thamani ilikaa wapi, basi? Ilikaa katika makubaliano ya watu wa mahali fulani, na tena katika tofauti: nyekundu ilikuwa na maana kwa sababu si nyeusi wala nyeupe. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu Mswisi ambaye mafundisho yake yalichapishwa mwaka 1916, alisema hivyo hivyo kuhusu maneno, na akatolea mfano sarafu. Angepita Tabora angepata mfano mzuri zaidi.

Hata mlio wa bunduki ulisomwa kwa kutazama nani anapiga na lini. Msafara ulipokaribia mji, watu walifyatua baruti hewani kubisha hodi, na wenyeji wakatoka kuwalaki. Lakini Agosti 1871, mtemi wa Kinyamwezi Mirambo alipoushambulia mji wa Tabora, mlio uleule uliwafanya watu wafunge milango.

Zipo ishara zisizohitaji makubaliano. Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa Mmarekani, alizitenga zile zinazofungamana na jambo lenyewe, kama moshi na moto. Miembe mikubwa iliyojipanga kwenye njia ya zamani ya misafara ni ya aina hiyo: mwembe si mti wa asili wa nyika ya miombo, kwa hiyo palipo na safu ya miembe, watu wa pwani walipita au walikaa. Mtu wa kutembeza wageni anaposimama chini ya mti huo na kuanza kusimulia habari za minyororo ya watumwa, mwembe unapata kazi ya pili. Mfaransa Roland Barthes alikiandikia kitabu kizima hicho kinachoongezeka juu ya ishara, mwaka 1957: historia inavyovaa sura ya jambo la kawaida. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, linafaa somo hilo kuliko mti wowote. Livingstone alikaa hapo miezi michache tu ya mwaka 1872, nalo likawa makumbusho yenye jina lake. Maelfu ya Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa miongo mingi hawakuachiwa jengo.

Siasa nayo hufanya biashara hiyohiyo ya shanga. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa chama cha TANU katika karibu kila jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Waliopanga huenda walidhani picha mbili hizo zina uzito sawa. Unyamwezini jembe la chuma lilikuwa limeshalipa mahari na kununua bidhaa sokoni muda mrefu kabla ya karatasi ya kura kufika. Ningekuwa mgombea wa huko, nyumba ningeirudisha.