Kufundisha Historia ya Kijiji kwa Ramani za Zamani: Mfano wa Mbulu na Hanang

Mwalimu anayepangiwa shule ya kijijini katika wilaya za Mbulu na Hanang aghalabu hakuti kitabu chochote kinachoeleza historia ya kijiji hicho. Hata hivyo, nchi hiyo imekwisha kuchorwa mara kadhaa katika muda wa zaidi ya miaka mia moja, na kila ramani imehifadhi hali ya nchi kama ilivyoonekana na wachoraji wa wakati wake. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitumia ramani hizo darasani, pamoja na tahadhari moja ambayo hapana budi mwalimu aizingatie.

Ramani zipatikanazo

Wakati wa utawala wa Wajerumani ilitolewa ramani ya koloni kwa skeli ya 1:300,000. Baadaye zilichorwa ramani za topografia za skeli ya 1:50,000 kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani. Katika ramani hizi za pili sentimita 2 ni sawa na kilometa 1. Kwa hiyo mito, njia za miguu, shule na makazi huweza kutambulikana. Kabla ya yote, mwalimu asome maandishi ya pembezoni. Humo hutajwa mwaka picha zilipopigwa na mwaka ramani ilipochapwa. Miaka hiyo huweza kutofautiana, na ule wa picha ndio unaoeleza hali ya nchi.

Hatua za somo

Kwanza, wanafunzi wajifunze kusoma ramani. Wachore uwanja wa shule kwa kijiti ardhini, kisha waeleze alama walizotumia. Baada ya hapo waonyeshwe mistari ya kontua. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni mfano mzuri: mahali penye mteremko mkali mistari hukaribiana, na katika tambarare huachana. Wakumbushwe pia kwamba ramani nyingine za zamani hutaja vimo kwa futi.

Pili, wachunguze majina. Katika ramani za Wajerumani mlima huo uliitwa Gurui. Tambarare iliyo karibu nao huandikwa Mangati, jina linalotokana na neno la Kimasai lenye maana ya maadui, ambalo wageni waliwaita Wadatoga. Vivyo hivyo, ramani zilizochapwa kabla ya mwaka 2002 haziwezi kuonyesha Mkoa wa Manyara, kwa kuwa wilaya hizi zilikuwa katika Mkoa wa Arusha, na zamani zaidi katika Jimbo la Kaskazini. Swali la kuwauliza wanafunzi ni hili: nani alilitoa jina hili, na wenyeji wenyewe wanapaitaje?

Tatu, walinganishe ramani na nchi ya leo. Huko Mbulu, katika miaka ya 1940 na 1950, vichaka vilifyekwa ili kupambana na mbung'o, na Wairaqw wakapata mahali papya pa kulima na kulisha mifugo. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa katika vijiji. Ramani iliyotokana na picha za kabla ya hapo huweza kuonyesha makazi yaliyotawanyika mahali ambapo leo pana mashamba matupu. Wanafunzi watie alama kwenye karatasi nyembamba iliyowekwa juu ya ramani, wakitumia rangi moja kwa yale yaliyotoweka na rangi nyingine kwa yale yaliyoongezeka.

Nne, wawaendee wazee. Waamkie kwa heshima, wataje mahali walipopaona katika ramani, kisha wasikilize. Pale ambapo maelezo ya mzee na ramani yanapotofautiana, mwalimu asiharakishe kumsahihisha mzee. Tofauti hiyo ndiyo swali bora la historia.

Tahadhari: mahali patupu katika ramani

Mchoraji huonyesha vitu vinavyoonekana na vyenye alama katika ufunguo wake. Haki ya kulisha mifugo haina alama. Jambo hili lilidhihirika katika tambarare za Basotu. Wabarabaig, ambao ni miongoni mwa Wadatoga, walikuwa na desturi ya kuhamisha ng'ombe kwa kufuata majira, hata sehemu moja ikaachwa kwa miezi kadhaa ili majani yaote tena. Mtu asiyejua desturi hiyo angeidhani nchi hiyo haina mwenyewe.

Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha huko mashamba ya ngano, ambayo hatimaye yalifikia saba. Malisho yalilimwa, njia za ng'ombe zikafungwa, na baadhi ya bung'eda, yaani makaburi ya heshima ya wazee, yakapitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ililipa shirika ushindi, ikisema kwamba wanakijiji hawakuthibitisha haki yao juu ya ardhi iliyobishaniwa.

Mfano huu umfundishe mwalimu kwamba ushahidi usioandikwa huweza kupotea pamoja na haki ya watu. Kwa sababu hiyo kazi ya darasa iishie katika kuchora ramani mpya ya kijiji. Ndani yake ziwemo njia za mifugo, visima, malisho ya masika na ya kiangazi, mahame, na majina kama wazee wayatamkavyo. Makaburi yachorwe tu iwapo wenye ukoo wameridhia. Ramani hiyo iandikwe tarehe na majina ya wazee waliokubali kutajwa, kisha itunzwe shuleni, ili darasa la miaka ishirini ijayo nalo lipate ramani ya zamani ya kuilinganisha.