Ngazi za giza ni za nani?

Mtu akiteleza kwenye ngazi za ploti akavunjika mguu, majirani humwinua, mmoja wao akasema ajali haina kinga, na habari ikaishia hospitalini. Bili analipa mgonjwa. Mwisho wa mwezi landilodi anakuja kudai kodi kama kawaida. Wengi hatujui kwamba Kenya ina sheria inayogusa ngazi hizo moja kwa moja: Sura ya 34, inayohusu wajibu wa mwenye mahali kwa watu wanaoingia hapo kihalali.

Nasema mwenye mahali, si mwenye hatimiliki. Swali la kwanza la sheria hii ni nani anayepasimamia, na jibu linaweza kuwa zaidi ya mtu mmoja. Ndani ya nyumba yake, mpangaji ndiye msimamizi. Ngazi, korido na paa ambavyo wote hutumia kwa kawaida hubaki mikononi mwa landilodi, hata kama yeye anaishi mji mwingine na kazi yote ameachiwa keateka.

Mahakama kuu ya rufaa ya Uingereza ililifafanua jambo hili mwaka 1966, katika kesi ambayo mawakili wetu bado huitaja. Mgeni katika baa moja ya Great Yarmouth alianguka usiku kwenye ngazi za nyuma, akafa. Kishikio kiliishia kabla ya kufika chini, na balbu haikuwepo. Majaji walisema kampuni ya bia iliyomiliki jengo na meneja aliyeishi humo wote walikuwa na wajibu kwa mgeni. Hata hivyo mjane alishindwa: haikuthibitika kwamba yeyote kati yao alifanya uzembe. Hapo ndipo wengi hukwama. Kuumia kwako peke yake hakukupi fidia. Lazima uonyeshe kwamba mwenye mahali hakuchukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua.

Tahadhari hiyo hutegemea anayeingia. Mtoto hatarajiwi kuwa mwangalifu kama mtu mzima, ndiyo maana shimo la choo lililoachwa wazi kwenye ua wanakocheza watoto ni balaa kisheria. Huko Glasgow, mtoto wa miaka 7 alikufa baada ya kula matunda ya sumu katika bustani ya umma, na mwaka 1922 majaji walikataa hoja kwamba baba yake hakuwa na kesi. Fundi wa stima, kwa upande wake, anatarajiwa kuzijua hatari za kazi yake.

Kisha kuna vibao, na hapa nadhani wenye majengo hujidanganya sana. Onyo humwokoa mwenye mahali pale tu linapomwezesha mgeni kuwa salama. Ukiandika "Daraja bovu" na daraja hilo ndilo njia pekee ya kufikia mlango wako, umemwonya mgeni lakini hujamsaidia. Kibao cha mbwa kali kina hatari yake pia: mlalamishi anayehitaji kuthibitisha kwamba ulijua ukali wa mbwa wako anaweza kukielekezea kidole kibao ulichokitundika mwenyewe.

Lakini tangazo la aina ya "hatutawajibika kwa lolote" ni jambo jingine. Sura ya 34 inamwachia mwenye mahali nafasi ya kupunguza wajibu wake, kwa makubaliano au vinginevyo, kadiri sheria inavyomruhusu. Uingereza, tulikoichukulia sheria hii, iliwazuia wafanyabiashara mwaka 1977 kukwepa kwa matangazo dhima ya kifo au majeraha yanayotokana na uzembe wao. Kwa maoni yangu, kwetu pia tangazo la ukutani lisingepaswa kuwa na nguvu hiyo.

Aliyeumia naye huulizwa maswali. Kama alikimbia kwenye sakafu iliyopigwa deki huku akitazama simu, mahakama inaweza kumgawia sehemu ya lawama na fidia ikapungua kwa kiasi hicho.

Muda wa kufungua kesi ya namna hii ni miaka 3. Unaonekana mrefu, ila ushahidi hauna subira: maji ya supamaketi hukauka kabla ya jioni, na balbu iliyokosekana mwaka mzima huwekwa siku ile ile mtu alipoanguka. Piga picha kabla hujainuliwa, chukua namba za simu za walioona, na usiondoke hospitalini bila karatasi zako.