Daftari la wateja: Mkata nyasi wa Kasulu na Kibondo achague programu ipi?

Mvua za kwanza zinapoanguka mwezi Oktoba katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, biashara ya kukata nyasi nayo huamka. Ukoka wa mbele ya nyumba za wageni, pasipalamu ya viwanja vya ofisi na majani ya uwanja wa kanisa huhitaji mashine kila baada ya wiki mbili hivi. Kuanzia hapo hadi Mei, kijana mwenye mashine ya kufyekea, dumu la petroli na msaidizi mmoja ana kazi ya kufanya. Juni hadi Septemba nyasi hukauka, na mapato hukauka nazo.

Ni biashara yenye mtaji mdogo na wateja wanaojirudia, na ugumu wake uko hapo hapo. Muuza maharage sokoni akishapokea fedha yake mkononi hana haja kubwa ya kumkumbuka mnunuzi. Mkata nyasi hana budi kukumbuka: nani anakatiwa kila wiki mbili na nani kila mwezi, kiwanja kina ukubwa gani, walipatana bei gani, nani amelipa na nani alisema "njoo mwisho wa mwezi". Wateja wakiwa watano, kichwa kinatosha. Wakifika kumi na watano, kichwa huanza kusahau, na kinachosahauliwa kwanza mara nyingi ni deni.

Ndiyo maana suala la programu ya kutunza kumbukumbu za wateja linamhusu hata mtu mwenye mashine moja. Hata hivyo, kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, mfanyabiashara wa Kasulu au Kibondo anapaswa kwanza kujiuliza kumbukumbu hizo zitamwambia nini asichokijua leo.

Mteja mmoja mkubwa

Historia ya miji hii miwili inatoa jibu la kwanza. Kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya fedha ya huduma ndogo ndogo hapa, kuanzia usafi na ulinzi hadi chakula na bustani, imefuata nyayo za mashirika ya kuhudumia wakimbizi. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1993. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ofisi zilifunguliwa, nyumba zilipangishwa, na viwanja vyake vilihitaji mtu wa kuvitunza.

Lakini fedha hiyo haikuwahi kukaa mahali pamoja. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena nchi yao, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata mapema 2016. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli nayo ikafungwa. Kisha Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa UNHCR, ilisimamisha misaada yake ya nje, na Juni mwaka huo UNHCR ilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Shirika linapopunguza watumishi hupunguza pia ofisi, na ofisi ikifungwa hakuna anayelipia nyasi zake.

Mfanyabiashara aliyeyaona hayo hahitaji programu ya kumkumbusha siku ya kuzaliwa ya mteja. Anahitaji kumbukumbu itakayomwonyesha, kwa tarakimu, anamtegemea nani.

Hesabu ya mfano

Chukua mfano wa kijana wa Kasulu mwenye wateja 12. Bei zilizotumika hapa ni za kufanyia hesabu tu. Kila mmoja aweke za kwake. Ofisi moja ya shirika inamlipa shilingi 300,000 kwa mwezi. Nyumba tatu za wageni zinalipa 40,000 kila moja, jumla 120,000. Taasisi moja ya kanisa inalipa 80,000. Nyumba saba za watu binafsi zinalipa 15,000 kila moja, jumla 105,000. Mapato yote kwa mwezi ni shilingi 605,000.

Ukimwuliza ana wateja wangapi, atajibu 12 na kujiona yuko salama. Lakini akipanga majina hayo kwa kufuata fedha, ataona kwamba mteja mmoja amebeba karibu nusu ya biashara. Ofisi hiyo ikifunga milango, anabaki na wateja 11 na shilingi 305,000, ilhali mashine ni ile ile na msaidizi ni yule yule. Hilo ni jambo la kulijua mwezi Novemba, wakati bado kuna mvua ya kutafutia wateja wengine. Kulijua mwezi Juni ni kuchelewa.

Kwa hiyo kumbukumbu yoyote inayofaa lazima iwe na mambo saba: jina la mteja na namba ya simu, mtaa na alama ya kumtambulisha, maana "Mama Neema" wako wengi Murubona kama walivyo wengi Kumwambu, ukubwa wa kiwanja, bei mliyopatana, tarehe ya kazi ya mwisho, tarehe ya kazi ijayo, na salio la deni. Mwenye kuhudumia miji yote miwili aongeze jambo la nane, nauli, kwa sababu safari ya Kasulu hadi Kibondo kwa kiwanja kimoja inaweza kula faida yote.

Njia nne zilizopo

Ya kwanza ni kaunta buku. Ni ya bei nafuu, haihitaji bando wala umeme, na msaidizi yeyote anaweza kuandika. Kasoro yake ni kwamba haijumlishi yenyewe, na ikilowa mvua au ikipotea, biashara nzima imepotea. Anayelitumia apige picha kurasa zake kila Jumamosi na kuzihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine anayemwamini.

Ya pili ni WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa Januari 2018. Haina malipo ya kuipakua, na wateja wengi tayari wako humo. Inaruhusu kumwekea kila mteja lebo, kwa mfano "anadaiwa" au "wiki mbili", na kutuma picha ya kiwanja kabla na baada ya kazi. Lakini haifanyi hesabu. Ni mahali pazuri pa kuzungumza na mteja, ila deni la miezi mitatu halitajijumlisha humo.

Ya tatu ni jedwali la kompyuta, yaani Excel au Google Sheets. Zote mbili hufanya kazi kwenye simu za kawaida za Android, na Google Sheets inaweza kuwekwa ifanye kazi hata mtandao unapokatika. Mtu akishajifunza kujumlisha safu na kupanga majina kwa kufuata kiasi, hesabu ile ya wateja 12 hutoka kwa dakika chache. Aidha, faili ni lake: anaweza kulinakili, kulichapa au kulihamishia kwenye programu nyingine baadaye. Kasoro yake ni kwamba linahitaji nidhamu, kwani halimkumbushi mtu kuandika.

Ya nne ni programu maalumu. Jobber, iliyoanzishwa Edmonton, Kanada, mwaka 2011, ilitengenezwa kwa ajili ya biashara za huduma za nyumbani, zikiwamo za kukata nyasi: hupanga ratiba, hutoa ankara na kufuatilia madeni. Zoho na HubSpot ni za biashara za kila aina. Ni kazi nzuri za kitaalamu, lakini zimejengwa kwa mazingira mengine. Malipo ya ndani ya Jobber yanategemea kadi za benki, wakati mteja wa Kasulu hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, Mixx by Yas au fedha taslimu. Kila malipo ya namna hiyo yatabidi yaandikwe kwa mkono, na kazi iliyokusudiwa kupungua inabaki pale pale.

Gharama na faida

Tuseme programu ya kulipia inagharimu dola 30 kwa mwezi, na dola moja ihesabiwe kwa shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 75,000 kwa mwezi, au 900,000 kwa mwaka, kwa kuwa programu hulipiwa hata Agosti wakati hakuna nyasi. Kijana wa mfano wetu, akifanya kazi miezi minane kwa shilingi 605,000, anapata mauzo ya shilingi 4,840,000 kwa mwaka. Programu hiyo ingemla zaidi ya shilingi 18 katika kila 100 anazoingiza, kabla hajanunua petroli. Kwa mtu mwenye mashine moja, hapo hakuna mjadala.

Kwa upande mwingine, kumbukumbu zenyewe zina faida inayohesabika. Katika jedwali la kodi ya makadirio lililowekwa mwaka 2022 kwa wafanyabiashara wadogo binafsi, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Anayetunza alitakiwa kulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya 4,840,000, hiyo ni shilingi 25,200. Tofauti ya shilingi 74,800 inanunua kaunta buku nyingi na bando la miezi kadhaa. Viwango hivi hubadilika kadiri bajeti zinavyopita, hivyo ni vema kuviulizia ofisi ya TRA mapema. Kanuni haibadiliki: asiye na maandishi hana cha kumwonyesha mkadiriaji.

Maandishi hayo hayo yanafungua mlango wa kuziba pengo la mashirika. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi wa taasisi za umma kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni hupitia mfumo wa NeST. Kikundi kinachoweza kuonyesha kilikata viwanja vingapi, kwa nani na kwa muda gani, kinaomba kazi ya bustani za halmashauri au hospitali kikiwa na ushahidi mkononi.

Siri ya mteja

Jambo la mwisho ambalo wengi hulisahau ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili kwa Tume inayohusika, na imeweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi, mahali ambako programu nyingi za kigeni huzihifadhi. Mwenye biashara achukue yale tu anayoyahitaji. Mkata nyasi hujua mengi: mlinzi hutoka saa ngapi, geti hufunguliwaje, mwenye nyumba husafiri lini. Hayo yasiandikwe popote. Simu ikiibwa, mteja ndiye atakayeumia.

Hatua ya kuchukua

Kwa mwenye wateja chini ya 30 na mashine moja au mbili, kaunta buku la kazini na jedwali la simuni linalojazwa kila Jumamosi vinatosha, na WhatsApp Business ibaki kuwa chombo cha mawasiliano. Anayeajiri vikosi viwili au vitatu, mmoja Kasulu na mwingine Kibondo, ndiye aanze kufikiria programu ya kulipia, tena baada ya kuuliza maswali matatu: Inafanya kazi mtandao ukikatika? Inaweza kusitishwa miezi ya kiangazi bila kupoteza kumbukumbu? Na siku ya kuiacha, wateja wote wanaweza kutolewa kama faili la jedwali? Muuzaji akisitasita kwenye swali la tatu, usinunue.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika katika miji hii mwaka 2022, na kuchaji simu si tatizo kama lilivyokuwa enzi za jenereta. Kinachobaki ni kalamu na dakika 20 za Jumamosi. Mwenye mashine aliye na fedha ya programu leo ainunulie mashine nyuzi na kichujio cha hewa, kisha akae na orodha yake, aipange kwa kufuata fedha, na amtazame mteja wa kwanza. Akiona jina hilo limebeba nusu ya mapato, Jumatatu aanze kubisha hodi kwa wengine.