Kipokezi Kisichosubiri Ishara

EGFR ni kipokezi, yaani protini iliyopenya utando wa seli: upande mmoja umetokeza nje, mwingine umo ndani. Kichocheo cha ukuaji kikinasa upande wa nje, vipokezi viwili hushikana, na upande wa ndani huiamuru seli igawanyike. Kisha seli hukimeza kipokezi na amri hukoma. Stanley Cohen, aliyegundua kichocheo hicho, alitunukiwa Nobeli mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Katika glioblastoma, saratani kali ya ubongo wa watu wazima, utaratibu huu huharibika. Karibu nusu ya vivimbe hivyo hubeba nakala nyingi mno za jeni ya EGFR. Vingi kati yake huwa pia na EGFRvIII, aina iliyokatika asidi amino 267 za upande wa nje. Haiwezi tena kunasa kichocheo, lakini upande wa ndani ni mzima na unatoa amri mfululizo. Mbaya zaidi, seli huchelewa kuimeza.

Kwa kuwa EGFRvIII haipatikani kwenye tishu zenye afya, ilionekana kuwa shabaha nzuri. Chanjo ya rindopepimut ilijaribiwa kwa wagonjwa 745, na matokeo ya 2017 yalikuwa machungu: haikurefusha maisha. Uvimbe uliporudi, zaidi ya nusu ya waliopimwa tena hawakuwa na EGFRvIII, hata wale ambao hawakuchanjwa.

Imepotelea wapi? Mara nyingi jeni hii hukaa nje ya kromosomu, kwenye viduara vya DNA ambavyo seli zinapogawanyika havigawiwi sawasawa. Mwaka 2014 watafiti wa California walionyesha kuwa seli zikipewa erlotinib, dawa inayozuia EGFR, viduara vyenye EGFRvIII hupungua. Dawa ikiondolewa, hurejea. Kwangu huu ndio ugunduzi mzito kuliko yote katika habari hii. Ndiyo maana sioni busara kuamua tiba ya uvimbe uliorudi kwa kutegemea sampuli ya upasuaji wa kwanza pekee.

Mwaka 2024 madaktari wa Boston walitumia seli za kinga zilizobadilishwa zishambulie EGFRvIII na EGFR ya kawaida kwa pamoja. Kwa wagonjwa wote 3, uvimbe ulisinyaa haraka. Kwa 2, nafuu haikudumu.