Nyongeza na Lumbesa

Leo tuwaze pamoja juu ya jambo lililo karibu nasi: jinsi mila za taifa letu zinavyotuongoza tunaponunua na tunapouza.

Tuanzie hapa Dundori, wakati wa kuvuna viazi. Lori limesimama kando ya barabara, na mvua iko karibu. Gunia limejaa hata mdomo, lakini halifungwi bado. Juu yake hushonewa kipande cha wavu, viazi vikaongezwa mpaka gunia likainuka kama kichuguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa huweza kupita kilo 100, naye mkulima hulipwa bei ya gunia moja tu. Viazi hivyo vikifika mjini huuzwa kwa vipimo vidogo vidogo, na kila kipimo hulipiwa.

Mbona tunakubali, na sheria iko upande wetu? Sababu moja ni shida: viazi havikai, barabara huharibika, na karo ya watoto yangoja. Lakini sababu nyingine ni mila. Katika masoko yetu mnunuzi hupewa nyongeza. Mama akipima maharagwe kwa gorogoro, huijaza mpaka ifanye kilima, kisha hutia konzi moja juu. Huo ni ukarimu, nao ni mwema. Tena tumelelewa tusimwaibishe mgeni kwa ajili ya kitu kidogo. Basi dalali hasemi, "Nipe mali yako bure." Husema, "Ongeza kidogo, mzee. Kwani sisi si ndugu?" Na anayetaka mizani huonekana mchoyo.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1980 mtaalamu wa Uholanzi, Geert Hofstede, alitoa kitabu juu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi. Kampuni ilikuwa moja, lakini watu walitofautiana nchi kwa nchi katika namna walivyowaona wakubwa wao, na kama mtu alijihesabu peke yake au pamoja na wenzake. Kila mtu huja kazini na malezi ya kwao. Kabla hatujafikiri, mila huwa imekwisha kusema nasi.

Je, tuzitupe mila? Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Lakini tumtazame Ibrahimu, katika Mwanzo sura ya 23. Alitaka mahali pa kumzika Sara. Efroni Mhiti, kwa adabu ya watu wake, alimwambia mbele ya wote kwamba atampa shamba lile. Ibrahimu aliinama kwa heshima, wala hakumwaibisha. Hata hivyo alipima shekeli 400 za fedha kwa kipimo cha wafanyabiashara, watu wakisikia. Alishika adabu, akashika na mizani.

Naye Bwana wetu, katika Luka sura ya 6, alipotaja kipimo kinachofurika, alikuwa akifundisha juu ya kutoa. Tofauti iko hapo. Nyongeza hutoka kwa anayetoa, kwa moyo wake. Lumbesa hudaiwa na anayepokea, kwa kuwa ajua mwenzake hana njia nyingine. Kwa macho ni kitu kimoja; mbele za Mungu ni vitu viwili.

Wala tusiwanyoshee kidole madalali peke yao. Wengine ni wana wetu, nasi huketi nao kanisani. Sisi wachungaji nasi, katika harambee za kujenga, tumepiga makofi kwa fungu kubwa bila kuuliza limetoka wapi, kwa kuwa mgeni aliyetoa haulizwi. Harambee ni mila njema, na neno lake limeandikwa katika nembo ya taifa letu. Lakini haiwezi kuisafisha fedha ya kipimo cha uongo.

Basi tufanyeje? Tupime kwa mizani. Majirani wakikubaliana kuuza kwa kilo, dalali hatamwacha mmoja akapate lumbesa kwa mwingine. Anayenunua alipe kilo alizochukua. Bei ikiisha kulipwa, anayetaka kuongeza na aongeze kwa furaha.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize: ile nyongeza ya juma hili, je, nilipewa au nilichukua? Zakayo alipokutana na Yesu aliahidi kurudisha mara nne. Sisi tungeanza kwa kurudisha hata debe moja.

Tuombe. Ee Bwana, utupe mikono mikarimu na mizani ya kweli. Utupe ujasiri wa kusema hapana kwa adabu, na kurudisha tulichokitwaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.